Pumu na dawa zake: kutofautisha inhela ya kufungua kifua na inhela ya kutibu

Mtu akiingia duka la dawa na kusema "naomba dawa ya pumu", mara nyingi atapewa salbutamoli: inhela ya bluu (kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo), au vidonge vichache vilivyokatwa kwenye karatasi yake. Atavuta, kifua kitafunguka ndani ya dakika tano, na ataamini ametibiwa. Hajatibiwa. Amefunguliwa mlango uliobana, na kinachoubana bado kipo palepale. Watu wengi wanaokimbizwa hospitalini usiku kwa pumu wana dawa mfukoni. Walicho nacho ni dawa ya kufungua tu, wala hawajawahi kuanzishiwa ile ya kutibu.

Majina ya dawa humu yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utakuta tofauti ya herufi moja au mbili.

Kifua kinabanwa na nini

Hewa hufika mapafuni kwa mirija inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mwenye pumu, ukuta wa ndani wa mirija hiyo umevimba na una hasira: vumbi, moshi au mafua ambayo mwingine hayatambui, yeye yanamchokoza. Ukichokozwa, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Misuli inayozunguka mrija hukaza, ukuta huzidi kuvimba, na ute mzito hujaa kwenye nafasi ndogo iliyobaki.

Shida kubwa huwa katika kutoa hewa kuliko kuivuta. Mrija uliobana hufunga zaidi mtu anapotoa pumzi, ndipo unaposikia ule mluzi. Hewa ya zamani hubaki ndani, kifua hujaa, na kila pumzi mpya inapata nafasi ndogo zaidi.

Salbutamoli hulegeza misuli. Basi. Haigusi uvimbe wala ute. Na uvimbe hauondoki shambulio likipita. Hubaki chini kama makaa chini ya majivu, hata wiki ambazo mgonjwa anajisikia mzima kabisa. Unaotulizwa na steroidi ya kuvuta, dawa ya kupunguza uvimbe inayotumika kila siku, ni huo.

Pumu haiambukizi. Hutembea katika familia, mara nyingi pamoja na ukurutu wa ngozi na mafua ya mzio, na inaweza kuanza utotoni au ukubwani.

Kwanza hakikisha ni pumu

Dalili za pumu huja na kuondoka: kubanwa kifua, mluzi, kuishiwa pumzi, kikohozi. Huzidi usiku wa manane na alfajiri, baada ya kukimbia, kucheka sana, kukaa kwenye moshi, au mafua yanapoingia. Kwa watoto wengine hakuna mluzi wa kusikika. Kuna kikohozi tu cha usiku.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa chenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu kabla ya jambo lingine lolote. Mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini, au mvutaji sigara wa muda mrefu, anayehema kila siku bila siku za nafuu, huenda ana ugonjwa mwingine wa mapafu usio pumu. Kuvimba miguu na kushindwa kulala chali huelekeza kwenye moyo. Na mtoto mdogo aliyekuwa mzima, akaanza ghafla kukohoa na kupiga mluzi akiwa anakula karanga, huenda amepaliwa na karanga imeingia kwenye mrija: apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kipimo kamili ni spirometa, mashine inayopima hewa anayopuliza mtu. Mgonjwa hupuliza, huvuta mipulizo 2 hadi 4 ya salbutamoli, husubiri dakika 10 hadi 15, kisha hupuliza tena. Kwa mtu mzima, kiasi cha hewa kinachotoka katika sekunde ya kwanza kikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi, na ongezeko hilo likafika angalau mililita 200, hiyo inaunga mkono kuwa ni pumu.

Zahanati nyingi hazina spirometa, lakini kipima kasi ya pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale pembeni, hakihitaji umeme na hudumu miaka. Hutumika hivi: simama wima, rudisha mshale sifuri, vuta pumzi hadi kifua kijae, bana midomo kuzunguka mdomo wa kifaa bila kuziba mshale kwa kidole, kisha puliza mara moja kwa nguvu na kwa kasi, kama unazima mshumaa ulio mbali. Soma namba. Rudia mara tatu na uandike iliyo kubwa kuliko zote; usitafute wastani. Pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Namba za asubuhi na jioni zikipishana sana siku baada ya siku, au zikipanda kwa asilimia 20 baada ya salbutamoli, una ushahidi wa kumpelekea daktari.

Namba yako bora, ile unayoipata ukiwa mzima kabisa, ndiyo kipimo chako cha baadaye. Tuseme ni 400. Kuanzia 320 kwenda juu uko salama. Kati ya 200 na 320 pumu inaamka na unahitaji kufuata mpango uliopewa. Chini ya 200 ni dharura hata kama hujisikii vibaya sana, kwa sababu wapo wagonjwa waliozoea kubanwa kiasi kwamba hawatambui tena wanavyozidiwa.

Dawa za kufungua

Salbutamoli ya kuvuta huwa na maikrogramu 100 kwa mpulizo na kopo lina mipulizo 200. Huanza kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kawaida na hupita.

Vidonge vya salbutamoli vinapendwa kwa sababu ni rahisi kununua viwili vitatu. Piga hesabu: kidonge kimoja cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, yaani mara 20 ya mipulizo miwili ya inhela. Dawa yote hiyo inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inatetemesha mwili mzima, na kidogo tu ndiyo inayofika kwenye mirija, tena kwa kuchelewa. Inhela hupeleka dawa ndogo mahali penyewe. Kwa hiyo ile imani kwamba inhela ni "dawa kali" au "hatua ya mwisho" imegeuzwa kichwa chini, miguu juu.

Aminofilini na theofilini, pamoja na vile vidonge vya mchanganyiko wenye efedrini, ni dawa za zamani. Kipimo kinachosaidia kiko karibu mno na kipimo kinachodhuru: kutapika, moyo kwenda ovyo, degedege. Anayezitumia akiongezewa eritromisini au siprofloksasini kwa ugonjwa mwingine, kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda ghafla. Kama kuna njia ya kupata inhela, hakuna sababu nzuri ya kuanzia hapo.

Hatari ya kutegemea dawa ya kufungua peke yake haikugunduliwa juzi. Miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda Uingereza, Australia na New Zealand wakati inhela zenye isoprenalini ya nguvu zilipoenea. Kuanzia 1976 New Zealand ilipata wimbi la pili, likahusishwa na dawa iitwayo fenoteroli. Ilipowekewa vikwazo mwaka 1989, vifo vikashuka. Na kwa salbutamoli ya leo, anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayemaliza kopo kila mwezi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa dawa ya aina hiyo pekee, bila steroidi ya kuvuta.

Dawa za kutibu

Steroidi za kuvuta ndizo mhimili: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni. Neno "steroidi" huwatisha watu, kwa hiyo tulinganishe. Mtu mzima anayeanza beklometasoni ya kawaida hupewa kati ya maikrogramu 200 na 500 kwa siku. Anayepewa vidonge vya prednisoloni akibanwa humeza miligramu 40, yaani maikrogramu 40,000. Ni dawa mbili tofauti, na uzito peke yake hausemi yote, lakini picha ndiyo hiyo: anayeogopa mpulizo wa kila siku huishia kumeza steroidi kwa wingi zaidi, mara kadhaa kwa mwaka.

Steroidi ya kuvuta haileti nafuu siku ile. Huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, na faida yake kamili huchukua wiki hadi miezi. Hapa ndipo wengi huikatia tamaa: wanavuta siku tatu, hawaoni tofauti, wanairudisha kabatini. Madhara ya kawaida ni sauti kukauka na utando mweupe mdomoni. Yote mawili hupungua ukitumia spesa (pipa la plastiki litakaloelezwa mbele) na kusukutua mdomo na koo kwa maji, ukiyatema, kila baada ya kuvuta. Kupiga mswaki baadaye kunasaidia pia.

Steroidi ya kuvuta haileti uraibu. Atakayeiacha akirudi kubanwa ameonyesha tu kwamba uvimbe umerudi.

Kisha kuna inhela ya mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli, na hii imebadilisha matibabu kuliko kitu kingine chochote katika miaka ya karibuni. Formoteroli hufungua haraka kama salbutamoli lakini hudumu saa 12, na kila mvuto unakuja na steroidi yake. Kwa hiyo mtu wa miaka 12 na kuendelea mwenye pumu nyepesi anaweza kuwa na inhela hiyo moja tu, akivuta mara 1 anapobanwa. Mwenye pumu nzito zaidi huvuta mara 1 au 2, asubuhi na jioni, na kuongeza mvuto mmoja mmoja akibanwa. Kwa ile yenye maikrogramu 200 za budesonidi na 6 za formoteroli (maboksi mengine huandika 160 na 4.5, ni kitu kilekile kilichopimwa kwa njia nyingine), isizidi mivuto 12 kwa siku nzima, ukijumlisha ya ratiba na ya dharura. Tahadhari: mpango huu ni kwa mchanganyiko wenye formoteroli. Mchanganyiko wenye salmeteroli ni wa asubuhi na jioni pekee na hautumiki kufungua kifua kilichobanwa.

Montelukasti ni kidonge cha jioni, kinachosaidia baadhi ya wagonjwa, hasa wenye mafua ya mzio, ila ni dhaifu kuliko steroidi ya kuvuta. Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2020 kwa sababu ya jinamizi, hasira, huzuni na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Mzazi anayeona mtoto amebadilika tabia baada ya kuianza aiache na arudi kwa daktari.

Usitegemee rangi. Bluu kwa kufungua na kahawia kwa kutibu ni mazoea, na kila kiwanda kina rangi zake. Soma jina.

Kuvuta dawa ipasavyo

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibikia. Inhela ya kupuliza hurusha dawa kwa kasi kubwa. Ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa hugonga nyuma ya koo na kumezwa. Spesa, lile pipa la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo, hupunguza kasi hiyo. Mtoto, mzee, na yeyote anayetumia steroidi ya kupuliza anahitaji spesa. Aliyebanwa anaihitaji zaidi ya wote.

1. Toa kifuniko, angalia kama kuna takataka mdomoni mwa inhela, kisha itikise vizuri. Kama ni mpya au imekaa siku kadhaa bila kutumika, puliza mara mbili hewani kwanza.
2. Chomeka inhela kwenye spesa. Keti au simama wima.
3. Toa pumzi taratibu, usiitolee ndani ya spesa. Bana midomo kuzunguka mdomo wake, ulimi uwe chini.
4. Bonyeza mara moja tu.
5. Vuta pumzi polepole na kwa kina, kisha izuie kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Anayeshindwa kuzuia, au mtoto, apumue kawaida ndani ya spesa mara 5 au 6.
6. Ukihitaji mpulizo wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, anza upya.

Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ili "kumaliza haraka" hufanya matone yagongane na kunata kwenye kuta za spesa. Mtoto chini ya miaka minne atahitaji barakoa iliyobana vizuri puani na mdomoni. Mwanya mdogo tu hupoteza dawa nyingi. Akiwa analia, dawa haiingii ipasavyo, kwa hiyo mtulize kwanza au mzoeshe barakoa akiwa mzima, akiichezea.

Bila spesa mambo ni magumu zaidi: unaanza kuvuta pumzi, na papo hapo unabonyeza, huku ukiendelea kuvuta polepole kwa sekunde 4 au 5. Ukiona wingu jeupe linatoka mdomoni au puani, dawa hiyo imepotea.

Spesa ya dukani ikikosekana, chupa ya plastiki ya mililita 500 inatosha. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto na kutoa matokeo yao mwaka 1999, na ile iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Kikombe cha plastiki laini walichokijaribu pamoja nayo hakikufaa. Chukua chupa safi ya maji. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa inhela, upashe moto kwenye jiko, na uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa, dogo kidogo kuliko mdomo wenyewe. Plastiki ikiwa bado ya moto, sukuma mdomo wa inhela uingie ili tundu lichukue umbo lake. Ziba mianya kwa gundi, na uhakikishe hakuna kipande cha plastiki kilichobaki ndani. Mgonjwa ataweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kupumua humo mara 5 au 6 kwa kila mpulizo.

Spesa yoyote ya plastiki, iwe ya chupa au ya duka, ioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo kabla ya kuanza kutumika, kisha mara moja kwa mwezi. Iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umemetuli na dawa hunata kwenye kuta badala ya kuingia kifuani.

Inhela za unga hufuata kanuni nyingine kabisa: hazitikiswi, hazitumii spesa, na zinavutwa kwa nguvu na haraka tangu mwanzo, kwa sababu ni pumzi yako inayoutoa unga. Turbuhaler ishikwe wima, uzungushe kitako hadi mwisho na kukirudisha mpaka kilie "tik", utoe pumzi pembeni, kisha uvute kwa nguvu. Huenda usihisi ladha yoyote. Ile sauti ya mchanga ukiitikisa ni ya kikausha unyevu, si dawa. Wapo waliotembea na Turbuhaler tupu kwa wiki nzima kwa kuiamini sauti hiyo. Angalia kidirisha cha namba. Na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Zanzibar, hewa yenye unyevu hugandisha unga, hivyo kifuniko kifungwe kila mara na inhela isikae bafuni.

Utajuaje kopo la kupuliza limeisha? Usilielesheze majini, kipimo hicho hudanganya na maji huziba kitundu. Kopo huendelea kutoa gesi hata dawa ikiwa imekwisha, na ndiyo maana mtu hulalamika kwamba "dawa imeacha kufanya kazi". Kama halina kihesabio, piga hesabu. Beklometasoni mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni ni 4 kwa siku. Kopo la 200 litaisha siku ya 50. Andika tarehe hiyo ubavuni kwa kalamu siku unayoanza. Mara moja kwa wiki toa kopo, osha ganda la plastiki kwa maji ya vuguvugu, ulikung'ute na ulikaushe usiku kucha. Kopo lenyewe lisiguswe na maji, lisiachwe kwenye gari juani, lisitobolewe wala kutupwa motoni.

Kuongeza na kupunguza

Jiulize kuhusu wiki nne zilizopita. Nimebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamshwa usiku na pumu hata mara moja? Nimetumia dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeshindwa kazi au mchezo kwa sababu ya kifua? "Hapana" zote nne: pumu imetulia. "Ndiyo" moja au mbili: haijatulia vizuri. Tatu au nne: haijadhibitiwa, rudi kliniki. (Swali la tatu haliwahusu wanaotumia mchanganyiko wa formoteroli kufungua kifua.)

Kabla daktari hajaongeza dawa, vuta inhela mbele yake au mbele ya mfamasia. Kisha useme ukweli ni siku ngapi kwa wiki unaitumia. Mara nyingi tatizo liko hapo, na dozi kubwa ya dawa isiyofika mapafuni ni sawa na bure. Pumu ikitulia miezi mitatu mfululizo, dozi inaweza kupunguzwa polepole kwa ushauri, isiachwe ghafla.

Mtu akibanwa

Mketishe wima, ameinama kidogo mbele, mikono juu ya meza au magoti. Usimlaze. Legeza nguo, ondoa watu waliomzunguka, mtoe kwenye moshi.

Mpe salbutamoli kwa spesa: mipulizo 4, mmoja mmoja, na kila mmoja apumue mara 4. Subiri dakika 4. Hakuna nafuu? Mpe mingine 4 na anza safari ya hospitali, ukiendelea hivyohivyo njiani, mipulizo 4 kila dakika 4. Anayetumia budesonidi na formoteroli avute 1, asubiri dakika moja hadi tatu, avute tena; isizidi 6 kwa tukio moja. Teksi au bajaji ni salama kuliko bodaboda, maana anayeishiwa pumzi anaweza kushindwa kujishikilia.

Usisubiri hata dakika moja ukiona yafuatayo: hawezi kumaliza sentensi, anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu, amechanganyikiwa au anasinzia, mbavu za mtoto zinadidimia au anashindwa kunyonya. Na mluzi ukipotea ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, si nafuu. Mluzi unahitaji hewa inayopita; kifua kilichonyamaza ni kifua kisichopitisha hewa.

Hospitalini tegemea oksijeni, salbutamoli kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) au spesa kila dakika 20 katika saa ya kwanza, ipratropiamu (dawa nyingine ya kufungua mirija) kwa hali nzito, na prednisoloni mapema: mtu mzima miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku 5 hadi 7, mtoto miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 40, siku 3 hadi 5. Kozi fupi hivyo haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo, lakini imalizwe. Akizidiwa huweza kupewa magnesiamu ya mshipani. Antibayotiki hazihitajiki bila dalili za maambukizi ya bakteria, na dawa za usingizi ni hatari kwake. Akiruhusiwa, aonane na daktari ndani ya siku 2 hadi 7, na asitoke bila inhela ya steroidi.

Prednisoloni isigeuzwe akiba ya nyumbani ya kumeza kila kifua kinapobana. Kozi nne au tano tu katika maisha tayari zinahusishwa na mifupa dhaifu, kisukari na mtoto wa jicho.

Nyumbani, kazini, na kwenye dawa nyingine

Moshi ndio wa kwanza. Jiko la kuni au mkaa litoke nje au chini ya dirisha, na mgonjwa asiwe ndiye mpishi wa kila siku. Sigara ndani ya nyumba, hapana. Dawa ya mbu ya kuwasha ibadilishwe na chandarua. Udi na ubani vina heshima yake pwani, lakini kifua hakijui heshima. Vifukizwe mwenye pumu akiwa hayupo, madirisha yakiwa wazi. Kujifukiza nyungu hakutibu pumu, na mvuke wa moto unaweza kumbana zaidi au kumuunguza.

Vijidudu vya vumbi hupenda godoro na mito, hasa penye unyevunyevu. Osha mashuka kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, na ondoa kapeti chumbani kwake. Futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Mende pia ni wachochezi, lakini dawa ya kuwapulizia ni kichochezi kingine: apishe kwanza. Kazini, unga wa ngano, vumbi la mbao, saruji na rangi za kupuliza huwabana wengi. Kifua kinachofunguka kila likizo kinatoa ushahidi wa kutosha kuhusu kazi hiyo.

Propranololi ya shinikizo la damu na matone ya macho ya timololi vinaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi, si wote. Parasetamoli ni salama zaidi. Anayetumia ARV zenye ritonavia aseme hivyo kabla ya kupewa flutikasoni au budesonidi, kwani ritonavia huzuia mwili kuivunja steroidi, ikajikusanya kana kwamba anameza vidonge. Beklometasoni ni chaguo salama zaidi kwake.

Mjamzito aendelee na inhela zake. Kinachomdhuru mtoto tumboni ni mama kukosa oksijeni. Mwanafunzi asikatazwe michezo. Mipulizo 2 ya salbutamoli dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia humlinda, na akibanwa kila akicheza, dawa yake ya kila siku ndiyo inayohitaji kuangaliwa. Mfungaji wa Ramadhani anayetumia dawa ya asubuhi na jioni aihamishie daku na futari. Wanazuoni wametofautiana kama inhela hubatilisha saumu, lakini aliyebanwa mchana avute saa hiyohiyo, siku atailipa.

Ukutani karibu na kitanda bandika karatasi yenye vitu vitano: jina na dozi ya dawa ya kila siku, namba bora ya kipima pumzi, idadi ya mipulizo ya dharura, namba ya simu ya dereva anayepokea usiku, na tarehe ambayo kila kopo litaisha. Iandike kwa herufi kubwa, kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne akiamshwa saa nane za usiku aweze kuisoma.